Mtoto wa Kazi na Mkono wa Mnunuzi

Maandishi juu ya watoto wanaofanyishwa kazi ni mengi, na aghalabu hupimwa kwa kipimo kimoja: yamemliza msomaji au hayakumliza. Kipimo hicho kina haki yake, lakini hakitoshi. Machozi ya msomaji ni ushahidi kwamba amemwona mtoto. Si ushahidi kwamba amejiona mwenyewe. Kazi ya mtoto haiishii mikononi mwa mtoto. Mwisho wake ni kitu kinachouzwa, na kila kinachouzwa kina mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi ndiye yule yule anayefungua kitabu jioni akasikitika. Kwa sababu hiyo kipo kipimo cha pili, kigumu kuliko cha kwanza: mwandishi amemweka mnunuzi mahali gani? Je, amemtia ndani ya habari, au amemwacha nje ya mlango, mikono yake safi, awe mtazamaji wa msiba ambao yeye mwenyewe ameugharimia?

Maandishi ya Uingereza ya tangu 1789 mpaka 1863 yanafaa sana kujaribiwa kwa kipimo hiki. Katika miaka hiyo viwanda na migodi ya nchi ile iliwameza watoto kwa maelfu, miji ilikua, na watu wa hali ya kati wakapata fedha ya kununua nguo, sukari, makaa ya mawe na vitabu pia. Mtoto wa kazi na msomaji wa kitabu waliishi katika mji mmoja, pengine katika nyumba moja kwa muda wa saa moja. Yaliyoandikwa juu ya ujirani huo yalikuwa na nafasi ya kuwakutanisha wawili hao. Si yote yaliyoitumia nafasi hiyo.

Yafaa kwanza ieleweke kazi yenyewe. Nyumba za Kiingereza zilipashwa moto kwa makaa ya mawe, na moshi ulipanda kwa dohani zilizojengwa ndani ya kuta. Dohani nyingi zilikuwa nyembamba na zenye kupindapinda, na masizi yakigandamana ndani yake moto huweza kuwaka ukutani. Fundi mzima hawezi kupita humo, lakini mtoto mdogo aweza. Basi wanagenzi wadogo walipandishwa ndani, wakikwea kwa magoti na viwiko, wakiyakwangua masizi kwa mikono. Mwaka 1775 tabibu Percivall Pott alieleza saratani iliyowapata watu wa kazi hiyo kwa sababu ya masizi. Mwaka 1788 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda wanagenzi, na ulinzi wenyewe ulikuwa kwamba mtoto asipokewe katika kazi hiyo kabla hajatimiza miaka 8.

Mwaka uliofuata, 1789, William Blake alitoa kitabu chake Songs of Innocence, na ndani yake shairi la mfagizi wa dohani. Mtoto asimulia mwenyewe. Mama yake amekufa, baba yake amemwuza, na alipouzwa alikuwa bado hajaweza kutamka sawasawa wito wa kazi yake barabarani. Hapa Blake amefanya jambo ambalo laweza kuonekana kuwa ni mchezo wa maneno tu. Neno la Kiingereza la kutangaza kazi ya kufagia, likitamkwa na ulimi wa mtoto asiyeiweza herufi ya kwanza, hugeuka kuwa neno la kulia. Wito wa biashara na kilio vimekuwa sauti moja.

Wahakiki wengi wameusifu ubunifu huu kwa sababu ya huruma yake. Thamani yake kubwa, hata hivyo, iko katika sikio linalousikia. Wito wa mchuuzi hautolewi hewani bure. Hutolewa ili usikiwe na mtu aliye ndani ya nyumba, ambaye huenda akafungua dirisha na kuita. Mtu huyo asikia tangazo la kazi, naye mtoto atoa kilio, na hapana silabi inayovitenga viwili hivyo. Mwenye nyumba hawezi kudai kwamba kilio hakikumfikia, maana alikijibu: alimwita mtoto, akapatana bei, akaingiza kilio nyumbani kwake. Katika sauti moja fupi Blake ameifunga huzuni ya mtoto pamoja na ununuzi wa kila siku, na hakulazimika kuhubiri.

Tena, akiisha kueleza alivyouzwa, mtoto huyo amgeukia msomaji, akamwambia kwamba dohani anazofagia ni za msomaji. Neno la kumiliki ni dogo, na msomaji mwenye haraka hulipita. Lakini mwanafunzi atakayejaribu kulifasiri shairi hili kwa Kiswahili hatalipita, maana hapo atakutana na jambo ambalo Kiingereza hulificha. Neno alilotumia Blake halitofautishi msikilizaji mmoja na wengi. Kiswahili hakitoi mwanya huo: mfasiri hana budi kuchagua baina ya “zako” na “zenu”. Akichagua “zenu”, mtoto atakuwa anasema na mji mzima, na lawama itagawanywa kwa watu elfu, hata fungu la kila mmoja liwe jepesi kama unyoya. Akichagua “zako”, msomaji amebaki peke yake mbele ya mtoto, wala hapana jirani wa kusimama nyuma yake.

Lipi lililo karibu zaidi na maana ya shairi? Wako watakaosema “zenu”, kwa hoja kwamba dhuluma ilikuwa ya jamii nzima, nayo jamii nzima yapasa kuambiwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiafikiani na jinsi kazi yenyewe ilivyonunuliwa. Mfagizi hakuajiriwa na taifa. Aliitwa na nyumba moja, asubuhi moja, kwa malipo madogo yaliyotoka katika mfuko mmoja. Dhuluma ilikuwa ya wote, lakini ilinunuliwa na mmoja mmoja. “Zako” ndilo neno la haki, na uchungu wake ni sehemu ya haki hiyo.

Mwaka 1794 Blake alirudia jambo hili katika Songs of Experience. Desturi ya wahakiki ni kuliona shairi la pili kuwa ndilo kali: la kwanza lafungwa kwa faraja ya kitoto kwamba atimizaye wajibu wake hapatwi na dhara, hali la pili laacha faraja na kuonyesha kidole. Hapana shaka kwamba hasira ya shairi la pili ni wazi zaidi. Lakini yafaa kutazamwa kidole hicho chaelekea wapi. Chaelekea kwa wazazi waliokwenda kanisani wakamwacha mtoto katika theluji. Chaelekea kwa kasisi, na kwa mfalme, na kwa Mungu ambaye watu hao wamemfanya awe wao. Ni majina makubwa yote. Mwenye dohani hamo. Msomaji wa 1794 aliweza kulisoma shairi hilo akamchukia kasisi na mfalme, kisha akasikia wito barabarani, akafungua dirisha. Kwa kipimo cha machozi na hasira, shairi la 1794 limeshinda. Kwa kipimo cha mnunuzi, lile la 1789, linaloitwa la upole, ndilo lisilosamehe.

Pengine itasemwa kwamba kumtafuta mnunuzi katika mashairi ya zamani ni kuwatwika watu wa kale fikira za leo. Tarehe zalikanusha jambo hilo. Baina ya mashairi mawili ya Blake, mwaka 1791, William Fox alichapisha kijitabu cha kuwashawishi Waingereza waache kutumia sukari na ramu iliyotoka katika visiwa vya West Indies, ambako mashamba yalilimwa na watumwa. Katika mashamba hayo watoto nao walikuwa na kikosi chao, wakipalilia na kukata majani. Fox hakuomba machozi, alipiga hesabu. Alidai kwamba jamaa moja inayotumia ratili 5 za sukari kwa juma, ikijizuia kwa miezi 21, itaokoa mtu mmoja na utumwa au na kifo. Hesabu hiyo yaweza kushukiwa na mtu yeyote mwenye kujua biashara, lakini umbo la fikira yake halishukiki: upande mmoja pana bakuli la sukari juu ya meza, upande wa pili pana mwili wa mtu, na baina yake pana alama ya kulinganisha. Maelfu ya nyumba yaliacha sukari hiyo. Basi fikira hii haikuwa ngeni. Ilikuwa imekwisha kusemwa kwa sauti kubwa sokoni kabla ya washairi wengi kuchagua kuinyamazia.

Mwaka 1843 ulileta mashairi mawili ambayo yafaa kusomwa pamoja. Mwezi wa Agosti gazeti la Blackwood's lilitoa “The Cry of the Children”, la Elizabeth Barrett, aliyejulikana baadaye kwa jina la Barrett Browning. Nyuma yake palikuwa na uchunguzi wa tume ya serikali juu ya kazi za watoto, na rafiki yake, mshairi R. H. Horne, alikuwa miongoni mwa wachunguzi. Taarifa ya kwanza ya tume hiyo ilikuwa imetoka 1842, na katika mwaka huo huo sheria ilikataza wanawake wote na wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Shairi hilo lina nguvu nyingi. Watoto wake wamechoka hata wakiambiwa waende kucheza mashambani watatamani kulala tu. Magurudumu ya kiwanda yazunguka mpaka mbingu na ukuta vyaonekana kuzunguka pamoja nayo. Karibu na mwisho soko latajwa. Lakini latajwa kama mahali pa kiti cha enzi, ambako taifa katili lapanda likiukanyaga moyo wa mtoto, na anayelaumiwa ni mwenye kurundika dhahabu. Ni soko lenye mfalme lisilo na kapu. Makaa yaliyovutwa gizani na watoto wale hayafiki katika jiko la mtu yeyote, wala nyuzi za kiwanda hazifiki katika vazi la mtu yeyote. Msomaji aliyelisoma gazeti lake mbele ya moto wa makaa hakuambiwa autazame moto huo.

Miezi michache baadaye, katika toleo la Krismasi la gazeti la Punch, lilitoka bila jina la mtungaji shairi la Thomas Hood, “The Song of the Shirt”. Mshona mashati maskini ashona usiku na mchana, na katika kushona kwake awaambia wanaume wenye dada, wake na mama kwamba wanachokichakaza miilini mwao si kitambaa, bali ni maisha ya binadamu. Hapa shati limefanya kazi ambayo sauti ya wito ilifanya kwa Blake: ni daraja baina ya mwenye kutaabika na mwenye kununua, na msomaji amelivaa. Ila mshonaji wa Hood ni mwanamke mzima, si mtoto. Hivyo katika mwaka mmoja mshairi mmoja alimwona mtoto asilione duka, na wa pili akaliona duka kwa ajili ya mtu mzima. Viwili vile ambavyo Blake alivishikanisha miaka 54 kabla yao vilikuwa vimetengana.

Utengano huo wafika mwisho wake katika The Water-Babies, kitabu cha Charles Kingsley kilichotoka 1863. Tom, mfagizi mdogo, apelekwa na bwana wake, Grimes, kufagia dohani za jumba kubwa la Harthover. Apotea ndani ya dohani nyingi, ateremka katika chumba cha mtoto wa kike, na humo aona katika kioo kiumbe kidogo cheusi cha kutisha. Kisha atambua kwamba kiumbe hicho ni yeye. Ni mahali palipoandikwa kwa ustadi, na kwa sababu ya ustadi huo kasoro yake yaonekana zaidi. Kioo kimo nyumbani mwa mnunuzi, lakini anayejitazama na kuona aibu ni mtoto. Masizi yaliyomchafua Tom ni ya nyumba ile, nayo nyumba imebaki nyeupe.

Hadithi yaendelea hivyo hivyo. Tom akimbia, akafukuzwa kama mwivi, akatumbukia mtoni na kugeuka kiumbe wa majini. Humo yupo bibi mwenye kulipiza, ambaye kila mtu aliyewaumiza watoto humpa adhabu ya mfano wa tendo lake. Matabibu wenye kuwajaza watoto dawa waadhibiwa. Mabibi wenye kuwabana watoto viuno waadhibiwa. Mayaya wazembe na walimu wakali nao hawasahauliwi. Grimes mwenyewe akwama ndani ya dohani. Lakini Sir John, mwenye jumba, aliyelipa ili dohani zake zipandwe na mtoto, hamo katika orodha hiyo. Yeye ni mtu mwema, mwenye kusikitika. Kitabu hiki husifiwa kwa kuisaidia sheria iliyopita mwaka 1864, na sifa hiyo si ndogo. Ila kilimfundisha msomaji kwamba mkosaji ni Grimes. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Mnunuzi hakuwapo mahakamani, na deni lake halikusomwa.

Je, jambo hili lilikuwa na matokeo yoyote nje ya vitabu? Historia ya dohani yajibu. Tangu 1803 palikuwa na jumuiya London ya kuwaondoa watoto katika kazi hiyo, na George Smart alikuwa amekwisha kubuni burashi ya vijiti virefu iliyoweza kufagia dohani nyingi bila mtoto kuingia. Chombo kilikuwapo. Wenye nyumba wengi hawakukitaka: walihofia masizi yatachafua mazulia, au hawakupenda kulipia kurekebisha dohani zilizopinda. Sheria ya 1840 ilikataza mtu aliye chini ya miaka 21 kupandishwa dohanini, nayo ikavunjwa miaka mingi. Mwaka 1875 mtoto mmoja alikufa baada ya kukwama katika dohani ya hospitali karibu na Cambridge, na katika mwaka huo ndipo sheria yenye nguvu ilipopatikana, iliyowataka mafundi wawe na leseni chini ya macho ya polisi. Tangu burashi mpaka sheria hiyo ni miaka 72. Mafundi katili peke yao wasingaliweza kuidumisha kazi ile muda wote huo. Waliitwa majumbani.

Hata hivyo haki yataka upande wa pili usikiwe. Kumtia mnunuzi ndani ya habari si sawa na kumpa rungu. Mwaka 1992 Seneta Tom Harkin alipeleka katika Seneti ya Marekani mswada wa kukataza bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Mswada huo haukuwa sheria, lakini hofu yake ilitosha: wenye viwanda vya nguo wa Bangladesh waliwafukuza watoto wapatao 50,000, kwa makadirio yaliyotolewa na UNICEF, na baadhi yao wakaonekana baadaye wakivunja mawe au wakiuzwa katika ukahaba. Mwaka 1995 tu ndipo yalipofanywa mapatano ya kuwapeleka shuleni watoto waliosalia viwandani. Somo lake ni kwamba mkono unaonunua, ukijikunja ghafula kwa aibu, waweza kumwangusha yule yule ulionuia kumwinua. Hili haliyatangui madai ya uhakiki huu; layakamilisha. Mnunuzi aliyefundishwa kulia tu atasukuma kitu mbali naye ili machozi yakome. Aliyefundishwa kwamba yumo ndani ya habari, naye mtoto yumo, atauliza jambo la pili: mtoto atakula nini kesho?

Wala si habari ya kale tu. Shirika la Kazi la Kimataifa pamoja na UNICEF yalikadiria kwamba mwaka 2024 watoto karibu milioni 138 walikuwa katika kazi zisizowapasa, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari, na wengi zaidi wakiwa mashambani. Miongoni mwa kazi hizo ipo moja inayoihusu lugha ya Kiswahili yenyewe. Kobalti itumiwayo katika betri za simu hutoka zaidi ya nusu yake katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kusini mwa nchi, pande za Kolwezi na Lubumbashi. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini hiyo. Na mwaka 2016 taarifa ya Amnesty International ilieleza jinsi watoto walivyokusanya, kuosha na kuchambua mawe yenye madini hayo, ambayo huuzwa kwa wafanya biashara na kuchanganyika na mengine mpaka asili yake isijulikane tena. Kuchanganyika huko kwafanya kwa kobalti kile ambacho “zenu” yafanya kwa lawama.

Katika miji hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya barabara. Mtoto anayechambua mawe Kolwezi na mwanafunzi anayesoma kwa mwanga wa simu Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu wana maneno yale yale ya kumiliki, ijapokuwa matamshi yatofautiana. Mwandishi wa Kiswahili atakayemwandika mtoto huyo hatakuwa na kisingizio cha lugha ya kigeni isiyotofautisha mmoja na wengi. Akimwandika kwa namna ya kuliza tu, atakuwa amefuata njia ya Kingsley, na msomaji atamchukia Grimes wa mgodini, aifunge simu yake, alale. Akitaka zaidi ya hayo, itampasa aamue mtoto huyo anasema na nani, na betri anayoitaja ni ya nani. Na lugha yake itamdai jibu katika neno moja.